Hakuna Kupatana Bei Ukiwa Peke Yako

Kama unapenda riwaya na sinema za kortini, hii unaijua. Kiongozi wa mashtaka anasukuma karatasi mezani: kiri kosa dogo, tufute lile kubwa. Mshtakiwa anamwangalia wakili wake. Wakili anatabasamu, anasema bei iko juu, na mchezo unaanza.

Sasa hiyo meza ilete Nakuru, halafu umtoe wakili. Amebaki nani? Tuseme ni kijana wa bodaboda kutoka Kaptembwa, wiki ya sita rumande, dhamana imemshinda, mamake anakopa nauli ya kumtembelea. Anaambiwa akikiri leo, huenda asifungwe. Wasee, hapo hakuna mchezo tena.

Pale Top Market, bei ikikukataa unaenda zako, na mara nyingi muuzaji mwenyewe anakuita urudi. Nguvu ya kupatana bei ni kuweza kwenda zako. Mtu wa rumande ataenda wapi?

Mapatano ya kukiri kosa yaliingizwa kwenye Sheria ya Taratibu za Makosa ya Jinai mwaka wa 2008, kuanzia kifungu cha 137A. Kwenye karatasi yanapendeza. Lazima yaandikwe, mshtakiwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, na korti imwambie yeye mwenyewe, akiwa ameapa, haki anazoziacha. Makosa ya ngono na mauaji ya kimbari hayamo. Lakini sheria hiyo haisemi lazima uwe na wakili. Na ukishahukumiwa, rufaa yako ni juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Ukija kujua baadaye kwamba ungeshinda kesi, pole.

Ati korti itamuuliza kama ameelewa? Bana, wengi wetu tukiulizwa hivyo mbele ya hakimu tunasema ndiyo, yaishe tuondoke.

Bonde hili linajua kalamu ya serikali inaweza nini. Aprili 2005, kwenye shamba la Soysambu karibu na Elmenteita, Tom Cholmondeley, mrithi wa ukoo wa Delamere, alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, afisa wa shirika la wanyamapori. Alisema alidhani ni jambazi. Alishtakiwa kwa mauaji, lakini mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu Amos Wako akaiondoa kesi kabla haijasikizwa. Mwaka wa 2006, shamba lile lile, Robert Njoya, fundi wa mawe, akauawa kwa risasi. Safari hii kesi ilisikizwa. Mwaka wa 2009 jaji alimpata Cholmondeley na hatia ya kuua bila kukusudia, akampa miezi minane juu ya miaka mitatu aliyokuwa amekaa rumande.

Tuelewane: hayo hayakuwa mapatano ya kukiri kosa. Nayataja kwa sababu tulijifunza kitu. Katiba ya 2010, kifungu cha 157, inasema Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya korti. Tulikubali kwamba kalamu ya mkubwa inahitaji mtu wa kuisimamia. Mbona basi ya kijana wa Kaptembwa tunaiacha peke yake?

Najua mtanijibu kwamba korti zimejaa, na mapatano yanamwokoa hata aliyekosewa asirudi kortini kila mwezi kusikia kesi imeahirishwa. Kweli kabisa. Mtu mwenye hatia akikiri mapema na kupata adhabu nafuu, hakuna aliyeibiwa. Siombi mlango ufungwe. Lakini kasi haimtofautishi mwenye hatia na aliyechoka. Wote wawili watasaini.

Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa wakili wa serikali pale ambapo bila wakili angedhulumiwa sana. Kuacha kesi yako yote kwa saini moja, bila mtu wa kukusomea ushahidi ulio dhidi yako, kama si dhuluma ni nini? Bunge liandike sentensi moja tu kwenye hiyo sheria: pasipo wakili, hakuna mapatano.

Mpaka hapo, ukiwa na ndugu rumande, mwambie kabla hajashika kalamu aombe wakili kwa sauti, mbele ya hakimu, na asikilize liandikwe.