Si Kila Chipu Huchomwa
Imedaiwa kwamba neno «kuchoma» latosha kwa kila chipu itiwayo programu, kwa kuwa mafundi wamekwisha kulizoea. Ama kwa PROM ya kale, chipu ya kumbukumbu ambayo umeme hukata nyuzi zake nyembamba zisiungike tena abadani, neno hilo ni sahihi. Lakini chipu ya EPROM aliyoibuni Dov Frohman wa Intel mwaka 1971 huhifadhi chaji tu, na mwanga wa urujuanimno ukipenya kidirisha chake cha kwatzi kwa dakika 20 hivi, hurejea tupu. Ni kuni gani zichomwazo zikarudi kuwa mti? Na hayo mazoea ndiyo hoja dhaifu kupita zote, maana mwanafunzi aambiwaye chipu imechomwa hudhani imeharibika, akaitupa. Tuseme «kuandika» na «kufuta». «Kuchoma» tuiachie PROM.