Madai sita yanayokwamisha njia za miguu na baiskeli Dar es Salaam

Kila msimu wa bajeti za halmashauri, hoja ya kujenga njia za waenda kwa miguu na baiskeli huletwa mezani na kuondolewa kwa sababu zilezile. Husemwa kwenye mikutano ya mitaa, hurudiwa kwenye Kamati za Maendeleo za Kata, na zikifika Baraza la Madiwani huwa hakuna tena anayeziuliza ushahidi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao hawana gari, na kila anayepanda daladala au mwendokasi ni mwenda kwa miguu kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Jambo linalowagusa watu wengi kiasi hicho haliwezi kuachwa likaamuliwa kwa mazoea. Hebu tuyachukue madai hayo moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: “Fedha hakuna”

Fedha ni chache, hilo halina ubishi. Ndiyo maana inafaa kutazama zinavyotumika. Barabara ya mtaa inapowekwa lami, sehemu kubwa ya gharama huenda kwenye kushindilia tabaka za chini, kumwaga lami, kujenga mitaro na makalavati. Njia ya miguu ikiwa kwenye mchoro tangu mwanzo, mkandarasi huyohuyo anaijenga akiwa na mitambo na mafundi wake pale pale. Ikiachwa nje, itakuja miaka mitano baadaye kama mradi mpya: zabuni mpya, nguzo za umeme za kuhamisha, mabomba ya maji ya kukata na kuunga, vibanda vya kuondoa, na wananchi wa kubembeleza. Halmashauri inayosema inabana matumizi kwa kuiondoa njia ya miguu kwenye mkataba inajiandikia deni kubwa zaidi.

Tena fedha zenyewe zinatoka kwa nani? Mfuko wa Barabara hutegemea tozo ya mafuta, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili kuzisaidia barabara zilizo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Tozo hiyo haiishii kwa mwenye gari. Imo ndani ya nauli ya daladala na ndani ya bei ya nyanya zilizosafirishwa kwa Fuso kutoka Lushoto. Mama anayetembea kutoka Tandale hadi Sinza ameilipia barabara ile kama alivyoilipia mwenye gari, lakini ndiye anayeambiwa asubiri fedha zipatikane.

Kuna pia kazi ambazo hazihitaji mabilioni. Mpango wa SARSAI, ulioendeshwa na shirika la Amend kuzunguka shule za msingi za Dar es Salaam, ulitumia vitu vya kawaida kabisa: matuta, zebra, alama, vizuizi vya zege, vipande vifupi vya njia ya miguu, na mahali pengine kuhamisha tu geti la shule lisifunguke kwenye barabara yenye magari mengi. Utafiti uliolinganisha maeneo ya shule zilizofanyiwa kazi hiyo na yale ambayo hayajaguswa ulionyesha kwamba majeruhi walipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya WRI Ross ya miji. Dunia imekuja kujifunza Dar es Salaam namna ya kumlinda mtoto kwa gharama ndogo, na halmashauri zetu ndizo zenye sababu kubwa zaidi ya kuisambaza kazi hiyo kwa kila shule iliyo kando ya lami.

Na kutojenga nako kunagharimu. Mguu uliovunjika hulipiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, hulipiwa na ndugu wanaochangishana, na hulipiwa kwa miezi ambayo fundi hakuingia kazini. Gharama hiyo haionekani kwenye vitabu vya halmashauri, lakini wanaoilipa ni wakazi wa halmashauri hiyohiyo.

Dai la pili: “Barabara si zetu, ni za TARURA na TANROADS”

Ni kweli kwamba mwaka 2017 ujenzi na matengenezo ya barabara za mijini na vijijini yaliondolewa halmashauri na kupewa TARURA, huku TANROADS ikibaki na barabara kuu na za mikoa. Ila aliyekabidhi koleo hakukabidhi ramani. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inazitambua halmashauri kuwa mamlaka za upangaji. Zenyewe ndizo zinazoidhinisha michoro ya viwanja, ndizo zinazotoa vibali vya ujenzi, ndizo zinazoamua soko, stendi na shule vikae wapi. Mchoro unaoacha uchochoro wa mita mbili kati ya viwanja umeshaamua jinsi watoto wa eneo hilo watakavyofika shuleni kwa miaka hamsini ijayo.

Zaidi ya hapo, meneja wa TARURA wa wilaya hupata vipaumbele vyake kwa kushirikiana na madiwani. Diwani anayeomba “lami kilomita moja” atapata lami kilomita moja. Diwani anayeomba “lami kilomita moja, yenye njia ya miguu pande zote mbili, mitaro iliyofunikwa, taa na kivuko mbele ya zahanati” ameanzisha mazungumzo mengine kabisa. Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam (DMDP), ulioanza 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulionyesha kwamba hata kwenye makazi yaliyobanana inawezekana kujenga barabara, mitaro, njia za miguu na taa kwa pamoja. Kilichowezekana kwa mkopo kinaweza kuwa kanuni kwa fedha zetu wenyewe.

Dai la tatu: “Waendesha baiskeli wako wapi?”

Wapo, isipokuwa hawahesabiwi. Ni muuza mikate mwenye kreti nyuma kabla jua halijachomoza, mnunuzi wa samaki anayetoka soko la Feri na tenga, mnoa visu anayetembeza jiwe lake mtaa hadi mtaa, dereva wa guta aliyebeba mbao hadi kwenye karakana. Wanafanya kazi ya uchukuzi ambayo jiji linaitegemea kila siku, wakijibana kati ya kioo cha daladala na mtaro ulio wazi.

Wengine wengi wangekuwepo kama wasingeogopa. Kuhesabu waendesha baiskeli kwenye barabara isiyo na njia ya baiskeli, kisha kusema hawahitaji njia, ni kama kuhesabu wanaovuka mto kwa kuogelea ili kuamua kama daraja linahitajika. Jiji la Sevilla nchini Hispania lilikuwa na waendesha baiskeli wachache mno kabla ya 2006. Ndani ya miaka michache lilijenga takriban kilomita 80 za njia zilizotenganishwa na magari, zilizoungana mtaa kwa mtaa, na safari za baiskeli zikaongezeka mara kadhaa. Siri yake ilikuwa kuunganisha. Kipande cha mita 400 kinachoishia kwenye mzunguko wenye malori hakimvuti mtu yeyote, na kushindwa kwa kipande hicho hakuthibitishi kwamba watu hawataki baiskeli.

Dai la nne: “Joto la Dar haliruhusu”

Sevilla hiyohiyo ni miongoni mwa miji yenye joto kali zaidi Ulaya. Kiangazi chake hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Na hapa kwetu watu wanatembea juani sasa hivi, tena bila kivuli, kwa sababu miti ilikatwa barabara zilipopanuliwa. Tanga na Zanzibar zina joto na unyevu kama wetu, na baiskeli ni sehemu ya maisha ya kila siku huko. Kama joto ndilo linalotusumbua, basi bajeti iwe na mstari wa miarobaini na miashoki kando ya njia, na mtu wa kuimwagilia hadi ishike mizizi. Kivuli ni sehemu ya ujenzi wa njia, kama ulivyo mtaro.

Dai la tano: “Zikijengwa zinavamiwa na bodaboda, machinga na magari”

Hili ndilo dai lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa kila mtu ameliona kwa macho. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, iliyoanza kubeba abiria 2016, ilikuja na njia za miguu na baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, na leo sehemu kadhaa mwenda kwa miguu hupigiwa honi na pikipiki akiwa kwenye njia yake mwenyewe.

Lakini uvamizi huo una sababu zinazotibika. Njia iliyo sawasawa na lami, isiyo na ukingo wala kizuizi, inaikaribisha pikipiki. Vizuizi vya zege vilivyopangwa kwa kipimo, vikiacha nafasi ya kiti cha magurudumu, hupunguza tatizo bila kuhitaji askari kila kona. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilikuwa na magari yaliyoegeshwa juu ya njia za miguu kila mahali. Chini ya meya Enrique Peñalosa, kati ya 1998 na 2000, jiji liliweka vizuizi, likasimamia sheria, na likavumilia hasira za wenye magari mpaka watu wakazoea kutembea kwa uhuru.

Machinga naye anafuata wateja, na wateja wanapita kwa miguu. Kumfukuza leo arudi kesho kumeshajaribiwa vya kutosha. Penye upana, mchoro umtengee nafasi yake iliyopimwa, kando ya njia na si juu yake. Pasipo na upana, apangiwe mtaa wa jirani ambako wateja wanafika kweli. Hilo ni jukumu la halmashauri moja kwa moja, wala haiwezi kulisukuma kwa mwingine.

Dai la sita: “Tutaongeza foleni”

Simama saa kumi na mbili na nusu asubuhi mbele ya shule ya msingi iliyo kando ya lami isiyo na njia ya miguu. Mtoto mwenye shati jeupe na sketi ya bluu anatembea juu ya mifuniko ya mtaro. Anafika pasipo na mfuniko, anashuka barabarani. Wakati huohuo daladala inasimama palepale kupakia abiria, gari la nyuma linafunga breki, bodaboda inapita kulia kwa kasi. Foleni imeshaanza, na aliyeisababisha ni mtaro usiofunikwa. Watu wakipewa njia yao, lami hubaki kwa magari na mwendo hutulia.

Na pale ambapo kweli magari yatapunguza mwendo, hiyo ni faida. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwendo wa wastani unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Kwa hesabu za shirika hilohilo, watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na kati ya kila 100, 23 walikuwa wakitembea kwa miguu na 6 wakiendesha baiskeli. Dakika mbili za dereva hazilingani na maisha yao.

Kinachotakiwa sasa

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini vipaumbele huandikwa miezi mingi kabla, kuanzia mtaani. Mwananchi anayeguswa na jambo hili aende kwenye mkutano wa mtaa akiwa na maombi matatu. La kwanza, barabara yoyote ya kata itakayowekwa lami iwe na njia ya miguu na mtaro uliofunikwa ndani ya mkataba uleule. La pili, halmashauri itenge kutoka mapato yake ya ndani fungu linalojulikana kwa jina na kiasi, kwa ajili ya matuta, zebra na vizuizi mbele ya shule na zahanati, na orodha ya shule zitakazoanza ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata. La tatu, mchoro wowote mpya wa viwanja usipitishwe kabla ofisa mipango miji hajaonyesha mtoto atapita wapi kwenda shule.

Maombi hayo yaingizwe kwenye muhtasari wa kikao, na diwani atie saini. Bajeti ijayo ikisomwa, tutakuwa na karatasi ya kulinganisha nayo.