SIKU TATU ZA MWANZO ZA MGENI



Katika miezi hii wanachama wengi, khasa wale wenye mashamba karibu na barabara ya Wete na Konde, wametuuliza swali moja kwa njia mbalimbali: hawa wageni, mume na mke, wanaokuja kisiwani kwetu kupumzika baada ya harusi zao, wanatuhusu nini sisi wakulima wa karafuu? Wengine wameuliza kwa tamaa, wengine kwa hasira, na wengine kwa mzaha. Kwetu sisi swali hili si la mzaha, nasi tumeona ni wajibu kulijibu humu, ili kila mwanachama apate kuyapima maoni haya kabla ya mkutano mkuu.

Jawabu letu kwa ufupi ni hili: wageni hao wanatuhusu sana, na wanatuhusu katika siku zao tatu za mwanzo kuliko siku zote zinazofuata.

Natutazame kwanza siku hizo zinavyopita. Aghlabu wageni hawa hutoka Ulaya, wakikimbia baridi ya kwao. Husafiri usiku kucha, hushuka Unguja, kisha hupanda ndege ndogo inayowafikisha Chake Chake kwa muda wa nusu saa hivi. Hapo gari huwachukua moja kwa moja mpaka pwani ya kaskazini. Njiani hupita baina ya vilima vyetu na mikarafuu yetu kwa muda wa saa nzima au zaidi, wala hapana anayewaeleza kitu. Ikiwa ni msimu, huisikia harufu ya karafuu zilizoanikwa kandokando ya barabara, wakauliza harufu hiyo ni ya nini. Dereva hujibu neno moja, gari likaenda zake. Hiyo ndiyo siku ya kwanza.

Siku ya pili huishinda ufukweni, kwa pupa ya watu waliokosa jua miezi mingi. Nao hawajui kuwa Pemba iko digrii 5 tu kusini ya ikweta, na kwamba jua la hapa saa sita mchana si jua la kwao. Jioni wamebabuka mabega na migongo. Siku ya tatu hukaa kivulini wakijipaka dawa, hawana la kufanya, na hapo ndipo wanapouliza: "Kisiwa hiki kina nini kingine?" Huambiwa kuna Misali na samaki wake, kuna msitu wa Ngezi, kuna popo wa Kidike. Yote hayo ni kweli na ni fakhari yetu. Lakini shamba la karafuu hutajwa mwisho, na aghlabu huwekwa siku ya kuondoka, kwa muda mchache kabla ya ndege. Mgeni hushika tawi, hupigwa picha, hununua kijipakiti, akaenda. Karafuu, iliyokilisha kisiwa hiki kwa zaidi ya miaka mia moja, imekuwa kitu cha kupitisha muda wa kungoja ndege.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na dini yetu imetufundisha kuwa mgeni ana haki ya siku tatu. Mafunzo haya mawili hayapingani. Siku za mwanzo ni za kumkirimu mgeni, na pia ni za kumjulisha nyumba aliyoingia ni nyumba gani. Mgeni aliyefika siku tatu bila ya kujua wenyeji wake wanakula kwa kazi gani, huyo hajakaribishwa, amelazwa tu.

Tena wageni hawa wako katika jambo tunalolijua vizuri. Sisi wenyewe tunalo neno la siku hizo: fungate. Siku saba bwana harusi na bibi harusi hukaa ndani wakitunzwa kwa chakula na manukato, hawaulizwi kazi wala shughuli. Na karafuu haikosi katika harusi zetu tangu mwanzo hadi mwisho. Imo katika singo anayosingwa bibi harusi, imo katika pilau ya walima. Basi maharusi wa Ulaya wakiletwa shambani kwetu, hawapelekwi mahali pasipohusiana na furaha yao. Wanaletwa kwenye asili ya harufu yake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulipi uzito wake. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu zama hizo sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar hutoka katika kisiwa hiki. Lakini wageni hawakufuata karafuu zilipo. Mwaka 2023 waliingia Zanzibar wageni zaidi ya 600,000, na wengi mno kati yao walibaki Unguja. Huko hupelekwa Kizimbani na Kidichi katika bustani za viungo, wakaonyeshwa mdalasini, vanila, mzingefuri na mkarafuu mmoja au miwili, wakarudi kwao wakisema wameliona shamba la karafuu. Hatuwaonei husuda ndugu zetu wa Unguja; wamefanya kazi yao kwa bidii. Tunasema tu kwamba mashamba yenyewe, na watu wanaoishi kwa mashamba hayo, wako hapa.

Na sisi tuna haja. Kila mwanachama anajua kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka; msimu mkubwa hufuatiwa na msimu mdogo, na mara nyingine miaka miwili au mitatu hupita kabla ya neema kurudi. Kila mwanachama anajua pia kuwa bei haianzii kwetu. Indonesia ndiyo inayovuna karafuu nyingi kuliko nchi zote, na huzitumia nyingi katika sigara zake. Kinachotokea huko hutufikia huku. Mwaka 2011 bei ilipandishwa mara kadhaa hata ikapita Sh. 10,000 kwa kilo, tukashukuru. Lakini bei nzuri haifufui mti uliokauka. Mikarafuu mingi tunayoichuma ilipandwa na babu zetu. Inakufa mmoja mmoja, na pengo lake halizibwi upesi, kwani mche hungoja miaka sita hata minane kabla ya kuanza kuzaa, na katika miaka yake ya mwanzo hutaka kivuli, maji na palizi. Nani atautunza mche kwa miaka yote hiyo bila ya kupata hata senti? Hapa ndipo penye maslaha yetu kwa wageni hawa.

Tunajua yapo mambo yanayowachukiza wanachama. Kwanza ni mavazi. Wazee wamelalamika kuwa wageni hupita vijijini nusu uchi, mbele ya watoto na karibu na misikiti. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini aghlabu mgeni huyo hajaambiwa. Akiambiwa siku ya kwanza, kwa upole, akapewa na kanga ya kujifunga, mara nyingi hutii na hushukuru. Anayemwacha avunje ada kwa siku tatu kisha akamkemea siku ya nne, kosa si la mgeni peke yake.

Pili ni picha. Wachumaji wetu hawapendi kupigwa picha kama wanyama wa bustani, nao wana haki. Picha ni kwa idhini ya mwenyewe, na watoto wasipigwe picha bila ya ruhusa ya wazee wao.

Tatu, wapo vijana wanaosema tuache karafuu, tukate, tukodishe viwanja, sote tuwe watembezaji wageni. Kwa heshima tunawaambia: shamba lisilochumwa lina nini cha kuonyesha? Mgeni wa leo anaweza kwenda kisiwa kingine mwakani. Mkarafuu hauhami.

Basi tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, ni wakati. Wageni waletwe asubuhi ya siku ya pili, kuanzia saa moja na nusu mpaka saa nne, kabla jua halijapanda. Kivuli cha mikarafuu kitawahifadhi ngozi zao, na watarudi pwani jioni wakiwa wazima. Wenye nyumba za wageni wakielezwa hivi watakubali, kwa sababu mgeni aliyebabuka siku ya pili ni mgeni mwenye manung'uniko kwa wiki nzima.

Pili, waonyeshwe kazi ya kweli. Ikiwa ni msimu, wauone upembo unavyovuta tawi, na waone tumba linavyochumwa linapoanza kuwa jekundu, kabla halijafunguka kuwa ua. Wakalishwe juu ya jamvi wachambue, wajue tofauti ya karafuu na makonyo. Waambiwe kuwa kilo tatu mbichi hubaki kilo moja tu kavu, baada ya siku kadhaa za kuanika na kukimbizana na mvua. Ikiwa si msimu, wapelekwe kwenye vitalu, na waelezwe kuwa hata makonyo hayatupwi, bali hukamuliwa mafuta.

Tatu, wapewe jembe. Tunashauri kila wageni wawili walio katika fungate wapande mche mmoja, katika shimo lililokwisha tayarishwa, na walipe ada ya mche, ya samadi, na ya matunzo ya miaka yake ya mwanzo. Waambiwe wazi kuwa mti ni wa mwenye shamba, si wao. Wao wanaacha kumbukumbu na baraka. Mche uandikwe katika daftari la Jumuiya pamoja na tarehe, na ukifa upandwe mwingine. Wala asitokee mwanachama akauza mche mmoja kwa maharusi kumi. Uwongo wa namna hiyo huanza kwa kicheko, na huishia kwa sote kuitwa matapeli.

Nne, mgeni asipandishwe juu ya mti, wala mtoto wa kwetu asipandishwe kwa ajili ya picha. Tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika. Ndugu zetu huanguka kila msimu wakiwa wazoefu na wakiwa kazini. Kuanguka kwa ajili ya upuuzi hakuna udhuru.

Tano, malipo yawe ya bei moja iliyoandikwa, na mgawo ujulikane: fungu la mwenye shamba, fungu la mchumaji aliyesimamisha kazi yake ili aeleze, na fungu la vitalu. Mabibi wanachama wanaweza kuwapokea wake wa wageni faraghani, wakawaonyesha singo na kuwauzia. Mdalasini, pilipili manga na hiliki za mashamba yetu ziuzwe kwa vipimo vya haki. Ama karafuu kavu, hizo zina sheria yake ya mwaka 2014, na njia yake ni Shirika la ZSTC. Mwanachama asimfungie mgeni karafuu kwa siri akaja kuitwa mfanya magendo.

Sita, nalo ni kubwa, wageni waambiwe kweli. Wapo wanaowaeleza kuwa mkarafuu uliota hapa tangu dunia kuumbwa. Si kweli. Asili yake ni visiwa vya Maluku, nao ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukaenea zama za Seyyid Said bin Sultan. Wala tusifiche kuwa mashamba mengi ya mwanzo yalipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, na kwamba sheria ya kuondoa utumwa ilitoka mwaka 1897. Wala tusifiche kuwa baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yaligawiwa watu eka tatu tatu, na wengi wetu leo tunalima mafungu hayo. Wapo watakaosema hayo si maneno ya kuwaambia watu walio katika furaha ya harusi. Sisi twaona mtu mzima huheshimiwa kwa kuambiwa kweli, na fungate haimfanyi mtu kuwa mtoto.

Hatuwaahidi wanachama utajiri. Wageni wanaofika Pemba bado ni wachache, na huenda shamba moja likapata wawili tu kwa wiki. Lakini wawili kwa wiki ni miche mia moja kwa mwaka ikiwa mashamba mawili tu yatafanya hivyo, na miche mia iliyolipiwa matunzo yake ni zaidi ya mingi tuliyowahi kugawiwa bure tukaiacha ikafa kwa kiu.

Tunaomba kila tawi lizungumze mapendekezo haya, na lituletee jawabu kwa maandishi kabla ya msimu kuanza. Anayeyapinga naye atuletee sababu zake, tutazichapa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona ikiwa mgeni anapita mlangoni mwake bila ya kusimama.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Jumuiya