Vijana Wanaohakiki Vitabu Wasivyovisoma

Kuna jambo ambalo sisi walimu wa pande hizi za Tanga tumelivumilia siku nyingi, na sasa yafaa lisemwe wazi. Vijana wetu wa Kidato cha Tano na cha Sita wasomao fasihi ya Kiswahili huandika uhakiki wa riwaya ambazo hawajapata kuzifungua. Hutaja dhamira, wahusika, ujumbe na falsafa ya mwandishi kwa mpango mzuri, tena hufaulu. Walakini hayo yote wameyatoa katika zile karatasi za maelezo waziitazo madesa.

Tuliwahi kuuliza darasa moja, "Nani anacho Kusadikika?" Iliinuka mikono mitatu, na mmoja wa hao watatu alikuwa amekiazima asubuhi ile ile ili atuonyeshe. Na hapa ni Tanga! Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani wa forodha, akafariki mwaka 1962. Mtu wa Tanga kutomsoma ni kama mvuvi asiyejua maji ya bahari yake.

Tazameni wanachokikosa. Katika kitabu hicho, kilichotoka mwaka 1951, Karama ashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kuwa alitaka watu wafundishwe sheria. Hajitetei kwa kelele wala kwa machozi. Asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kwa faida ya Kusadikika, wakarudi na mambo mema, nao wakalipwa mateso. Aleta mjumbe mmoja baada ya mwingine, siku baada ya siku, mpaka msikilizaji aone mwenyewe neno linakoelekea. Ndiyo kazi hasa tuwatakayo vijana waijue: kusema neno, kulitolea ushahidi, na kuupanga ushahidi huo usimwache msomaji njiani. Dese lasema, "Dhamira: uongozi mbaya," na mistari miwili chini yake. Kijana amepewa hukumu, kesi hakuisikia.

Tutajibiwa kwamba vitabu ni haba na ghali. Ni kweli, twakubali. Lakini nakala moja yaweza kusomwa kwa sauti mbele ya darasa zima, na Kusadikika si kitabu kinene.

Wengine husema kwamba fasihi haijazi chungu. Hao twawapa habari hii. Katika kijiji kimoja upande wa Muheza wazee waliletewa karatasi ya mapatano juu ya shamba la michungwa. Wakamwita kijana wao aliyefaulu vema somo la fasihi. Akaisoma yote bila kukwama, nao wakafurahi. Mzee mmoja akamwuliza, "Mwanangu, na tukitaka kuvunja mapatano haya, karatasi yasemaje?" Kijana akapekua juu na chini, akajibu, "Babu, halikuandikwa." Alisema kweli. Walakini hakuona kwamba kule kunyamaza kwa karatasi ndiko kulikokuwa jambo kubwa kuliko yote yaliyoandikwa. Wazee wakatia dole gumba. Mambo yaliyofuata hatutayaeleza hapa, maana wenyewe wangali katika huzuni.

Hatumlaumu kijana yule. Sisi walimu ndio tuliomzoeza kutafuta jibu lililokwisha kuandikwa na mtu mwingine, akalinakili, akapata alama. Hatukumwuliza hata mara moja, "Kwa nini mwandishi amelinyamazia hili?" Twaogopa mtihani kuliko tunavyoogopa ujinga, na baadhi yetu, tuseme ukweli, hayo madesa ndiyo tunayoyauza.

Basi wazazi, kijana arudipo likizo, msimwulize kwanza amepata alama gani. Mwambieni alete kitabu chenyewe barazani, asome sura moja, nanyi mmwulize ni nani asemaye, anataka nini, na ni jambo gani alilolificha. Akileta karatasi za dese, mrudishieni, mkamwazimie kitabu.