Kilo za Mwisho Hazina Mwizi

"Ukiona kilo zimegoma kushuka, ujue kuna mtu anafunua sufuria usiku." Mhubiri mmoja aliyekuja Matiri, Mbinga, kuhimiza watu wapunguze uzito kwa ajili ya presha na kisukari alisema hivyo madhabahuni, na waumini wakacheka. Mama mmoja pale alikuwa ameshuka kutoka kilo 90 hadi 72, na kliniki imemtaka afike 70. Mwanzoni kilo zilidondoka kila wiki. Sasa mwezi unakwisha, mshale wa mizani uko palepale. Kumwita mwizi wa chakula ni uonevu.

Kilo 18 ni debe la mahindi. Wanawake wa Mbinga wanajua kupandisha mlima na debe kichwani kunavyokausha koo. Mama huyu alipanda na kushuka kwenye ngoro zake, mashamba ya mashimo mlimani, na debe hilo mwilini, miaka kadhaa, hata kitandani hakulitua. Leo amelitua. Kulima, kuchuma kahawa, kuchota maji, vyote vinamla nguvu kidogo kuliko zamani. Ugali na maharage yaleyale yaliyokuwa pungufu kwa kilo 90 sasa yanakaribia kumtosha.

Tena kilo za wiki za mwanzo nyingi ni maji, kwa sababu akiba ya wanga kwenye ini na misuli hushika maji takribani mara tatu ya uzito wake. Mafuta nayo yakipungua, homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, hushuka, na njaa hupanda.

Utasikia: mbona wakati wa njaa hakuna mnene? Hoja ya kitoto kabisa! Hakuna anayesema mwili haukondi. Kinachosemwa ni kwamba kasi hupungua. Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa wiki 24. Walipoteza takribani robo ya uzito wao, na kadiri walivyokonda ndivyo uzito ulivyozidi kushuka polepole. Chakula chao kilipimwa. Sufuria ipi ilifunuliwa?

"Basi atembee zaidi." Mtu wa jembe atembee mpaka wapi? Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30 wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaoshinda porini kwa miguu. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu walizotumia kwa siku hazikuzidi za watu wa Marekani na Ulaya.

Na kinachoudhi zaidi, mama huyu alipoanza kukonda watu walinong'ona kuwa ana UKIMWI. Wachuuzi wa chai ya kupunguza tumbo nao wakampangia foleni. Ilipobaki kilo mbili, akaitwa mlafi.

Kliniki ilipaswa kumweleza tangu siku ya kwanza kwamba mwendo utapungua, na kwamba presha na sukari huanza kunufaika mtu akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake. Yeye ameshapunguza asilimia 20. Apimwe presha na kiuno, na kilo mbili zilizobaki zisubiri.