Lenzi Mpya Haiponyi Kisukari

Mwenye kisukari akitoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, ushauri wa majirani humfikia kabla bandeji haijafunguliwa. Mwingine hauna madhara. Huu unaofuata unapofusha watu.

"Wameshamtoa mtoto wa jicho, jicho limepona." Hapana. Kilichotolewa ni lenzi iliyoingia ukungu, ikawekwa ya bandia. Retina, kule nyuma ya jicho, ni ileile, na mishipa yake ileile iliyochakazwa na sukari. Isitoshe, upasuaji wenyewe unaweza kuamsha uvimbe katikati ya retina, na wenye kisukari huupata zaidi ya wengine, hasa wale ambao retina zao zilikwisha kudhurika. Uvimbe huo hauji siku ya kwanza. Mara nyingi hujitokeza kati ya wiki ya 4 na ya 12. Mgonjwa aliyekuwa akisoma vizuri anaona herufi zinafifia au mistari inapinda, naye anasingizia uzee. Ndiyo maana retina ipimwe kabla ya upasuaji, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, na ipimwe tena baadaye. Ikiwa ukungu ni mzito mno kuona nyuma, kipimo hicho kifanyike mapema baada ya lenzi kubadilishwa.

"Jicho haliumi tena, matone ya nini?" Matone yanazuia uvimbe usioumiza. Daktari humwandikia steroidi, na mwenye kisukari mara nyingi huongezewa dawa nyingine ya uvimbe, kama ketorolaki. Maliza kama ulivyoandikiwa, wala usijiongezee: steroidi zikizidi hupandisha shinikizo la jicho.

"Funga kula, sukari ishuke haraka." Ushauri huu ni wa hatari. Anayetumia insulini au vidonge anaweza kuzimia kwa sukari kushuka mno, na sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu ikishushwa ghafla huweza kuzidisha madhara ya retina kwa muda. Ishushwe taratibu, pamoja na shinikizo la damu.

"Wekundu ni kawaida, weka asali." Kukereketa kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka, usaha au kuona kunakofifia ni dalili za maambukizi ndani ya jicho, yanayoweza kuliua kwa siku chache. Usiweke asali wala maziwa ya mama. Usingoje tarehe ya kliniki; nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.