Kabla ya kukopa kununua kompyuta mpya, jaribuni flashi



Ndugu wazazi, nanyi vijana mnaosoma, leo tuzungumzie ile kompyuta iliyolala kabatini. Familia nyingi hapa Jinja na kule Mbale zinayo moja. Ilinunuliwa kwa shida, ikaanza kuwa nzito, fundi akasema diski imekufa au haiwezi kubeba Windows mpya, basi ikafunikwa kitambaa. Kisha kijana anaingia chuo, anahitaji mashine ya kuandikia, na baba anaanza kuhesabu nani wa kumkopesha. Rai yangu ni kwamba mashine hiyo ya zamani ijaribiwe kwanza kwa mfumo mdogo unaofanya kazi ndani ya RAM peke yake.

Kwa kawaida kompyuta ikiwashwa husoma Windows kutoka kwenye diski kuu, na huirudia diski hiyo siku nzima. Lakini ipo mifumo midogo ambayo ukiiweka kwenye flashi, hujinakili yote ndani ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda, mara tu mashine inapowaka. Baadhi yake ikishamaliza kujinakili unaichomoa flashi, unaitia mfukoni, na kazi inaendelea. Diski ikiwa nzima, ikiwa imekufa, au ikiwa haimo kabisa, ni mamoja. Na kwa kuwa RAM ina kasi kuliko diski za zamani, programu hufunguka upesi hata kwenye mashine iliyochoka.

Unaojulikana sana ni Puppy Linux, ulioanzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia. Jina lake ni mtoto wa mbwa, lakini msiukimbie kwa hilo, hauna mate wala manyoya! Matoleo ya mwanzo yalikuwa chini ya MB 100, ya sasa yamenenepa hadi mamia ya MB. Upo pia Tiny Core, ambao pamoja na madirisha yake haufiki MB 30, ila huo ni wa kijana mwenye subira, maana karibu kila kitu unakiongeza mwenyewe.

Faida nyingine wanafunzi wataielewa haraka. Flashi zinazozunguka kwenye maduka ya kuchapa hubeba virusi vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato tupu mahali pake. Mtu hulia akidhani utafiti wake umepotea. Virusi hivyo vimetengenezwa kwa Windows, havipati pa kushika ndani ya Linux, na mara nyingi ukiifungua flashi hiyo humo na kuamuru mafaili yaliyofichwa yaonyeshwe, utayakuta yote yamekaa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hatupendi kulitaja. Windows nyingi zinazowekwa na mafundi wetu ni za kuvunja leseni. Mimi si sheikh, lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu (OIC), lilikaa Kuwait Desemba 1988 na kuamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi ni haki halali kisheria na haifai kuzivamia. Jumuiya hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha Chuo Kikuu cha Kiislamu (IUIU) cha Mbale, kilichofungua milango mwaka huo huo wa 1988. Kwa fahamu yangu programu za kompyuta zimo katika uamuzi huo. Linux nayo inatolewa bure, na leseni yake inakuruhusu kunakili na kumpa jirani. Kwa nini basi tubebe haki ya mtu shingoni, na njia iliyo safi ipo?

Tena Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za zamani. Hizo ndizo zinazouzwa kwa wingi kama mitumba, na mwenye duka hatakwambia.

Lakini tahadharini sana. RAM husahau. Umeme ukikatika, kila ambacho hakijahifadhiwa kwenye flashi au diski kimekwenda, na sisi wa Jinja tunajua umeme hukatika hata ukiwa unalitazama bwawa la Nalubaale, linalozalisha umeme tangu 1954. Puppy ukiuzima mara ya kwanza hukuuliza kama uhifadhi kazi na mipangilio yako. Jibu ndiyo. Na mwanafunzi mwenye kompyuta ambayo betri yake imekufa ahifadhi kila baada ya aya.

Intaneti nayo ni mtihani. Tovuti za leo ni nzito, na mashine yenye RAM ya GB 1 itahema hata mfumo uwe mwepesi namna gani. Kwa kuandika, kusoma PDF na kusikiliza darsa inatosha, kwa video siahidi. Anayeandika Kiarabu ahakikishe fonti zipo kabla siku ya kukabidhi kazi haijafika.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu wenye muda. Hapana. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs kule Nkozi, cha ndugu zetu Wakatoliki, kiliamua kuhamia programu huria mwanzoni mwa miaka ya 2000. Basi na shule zetu zenye chumba cha kompyuta ambamo nusu ya mashine haziwaki zinaweza kuanza na flashi tano na kijana mmoja anayejua kubonyeza F12 wakati wa kuwasha. Mashine nyingine hutaka F2 au Esc, na zile mpya kidogo hutaka kwanza uzime Secure Boot kwenye mipangilio. Mwanafunzi wa IUIU aliye likizo anaweza kuifanya kazi hiyo asubuhi moja, na msimlipe chai tu.

Wabillahi tawfiq.